Miji miwili ya wakulima ilivyohangaika kuurudisha mtaa wa maduka

KATIKA jimbo la California, Marekani, ipo miji miwili iliyozaliwa na reli na kulelewa na kilimo, na yote miwili ilipatwa na ugonjwa mmoja: mtaa mkuu wa maduka ulikufa huku mji wenyewe ukiendelea kukua.

Fresno, uliopo katikati ya bonde la mizabibu, lozi na pistachio, uliamua mwaka 1964 kuyafukuza magari kabisa katika mtaa wake mkuu. Lancaster, ulioko jangwani kaskazini mwa Los Angeles, ulisubiri hadi mwaka 2010. Wenyewe ukayaacha magari yapite, ila ukayalazimisha yatambae. Fresno baadaye ulilazimika kuvunja kile ulichojenga. Lancaster haujavunja.

Habari za miji hiyo zinamfaa kila mwenye duka, ghala au kibanda ambaye amewahi kuitwa kwenye mkutano na kuambiwa kwamba mtaa wake utapendezeshwa. Swali analopaswa kuondoka nalo si kama maua yatakuwa mekundu au meupe. Ni je, siku tingatinga likiondoka, mteja atakuwa karibu zaidi na mlango wake au mbali zaidi?

Wamarekani huuita mtaa wa namna hiyo Main Street. Miji mingi ya magharibi na ya kati ya nchi hiyo ilianza pale treni iliposimama. Fresno ulianza mwaka 1872, na reli ilipita katika bonde la Lancaster mwaka 1876. Mkulima aliingia mjini mara moja kwa wiki, akauza alichokuwa nacho, akaweka fedha benki, akanunua mbegu, kitambaa, misumari na sukari, akanyolewa nywele na kurudi shambani, yote hayo bila kutoka katika mtaa mmoja.

Maduka yalijengwa kuta zikigusana. Uso wa duka la kawaida ulikuwa na upana wa futi 25 hivi, yaani mita saba na nusu. Chini palikuwa na dirisha kubwa la kioo, juu vyumba vya kupangisha au ofisi ya daktari na wakili. Mpangaji wa juu alikuwa mteja wa chini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yakageuka. Familia zilinunua magari na kuhamia viungani, barabara kuu mpya zikajengwa nje ya miji, na maduka yakazifuata. Fresno ulipata kituo kikubwa cha maduka cha Manchester mwaka 1955, kaskazini mwa mji, kikiwa na uwanja mpana wa kuegesha magari bure. Mwenye duka wa mjini akabaki na jengo la zamani, maegesho machache na wateja wanaopungua kila mwezi.

Mtaalamu aliyeitwa Fresno kutoa tiba alikuwa Victor Gruen, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Kuna kichekesho hapa. Gruen ndiye aliyesanifu Southdale, jimboni Minnesota, kituo cha kwanza cha maduka cha Marekani kilichofunikwa chote kwa paa, kilichofunguliwa mwaka 1956. Mtu aliyechora kile kilichokuwa kinaua mitaa mikuu ndiye aliyepewa kazi ya kuiponya.

Tayari alikuwa amefanya kazi kama hiyo Kalamazoo, jimboni Michigan, ambako mwaka 1959 sehemu ya mtaa mkuu ilifungwa kwa magari na kupandwa majani na miti. Huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake nchini humo. Magazeti yakausifu, mameya wakaenda kuutazama, na miji kwa makumi ikaiga.

Fresno uliiga kwa ufundi mkubwa. Vitalu sita vya mtaa wa Fulton vilifungwa na kukabidhiwa kwa Garrett Eckbo, mmoja wa wasanifu mashuhuri wa bustani wa karne hiyo. Alijenga chemchemi, vijito, sehemu za watoto kuchezea na viti vyenye kivuli, akaweka na sanamu, mojawapo ikiwa kazi ya Renoir wa Ufaransa. Mtaa ulifunguliwa Septemba 1964, na kwa uzuri haukuwa na mpinzani.

Uzuri huo haukuzuia maduka makubwa kuondoka. Kituo kingine, Fashion Fair, kilifunguliwa kaskazini mwaka 1970, na mji ukaendelea kutoa vibali vya kujenga mbali zaidi na zaidi. Duka la Gottschalks, lililokuwa limeuza nguo mjini hapo tangu mwaka 1904, lilifunga tawi lake la katikati ya mji mwaka 1988.

Watetezi wa Gruen husema alionewa, na wana hoja. Mpango wake wa Kalamazoo, kwa mfano, ulikuwa na barabara ya mzunguko, maegesho mengi pembezoni na ukarabati wa eneo zima la katikati. Mji ukachukua kipande kimoja tu, kile cha bei nafuu na cha kupendeza kwenye picha. Ni sawa na mkulima anayeshauriwa kuweka mbegu bora, mbolea na maji, akanunua mbegu peke yake na kwenda kulalamika kwa bwana shamba.

Mitaa michache ya aina hiyo iliyofungwa kwa magari imedumu Marekani, kama Pearl Street katika mji wa Boulder na Church Street katika mji wa Burlington. Yote miwili iko karibu na vyuo vikuu, kwa hiyo kuna maelfu ya vijana wanaofika kwa miguu au baiskeli, na watalii pia. Copenhagen, nchini Denmark, ulifunga mtaa wake wa Strøget mwaka 1962 na ukanawiri, kwani watu walikuwa wanaishi hapohapo. Mji ambao kila mteja anatoka nyumbani kwa gari, kilomita 10 kutoka dukani, ni habari nyingine.

HESABU YA DIRISHA

Kabla ya kwenda Lancaster inafaa kupiga hesabu ndogo ambayo mwenye duka yeyote anaweza kuifanya akiwa nyuma ya meza yake.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa maduka yenye upana wa mita saba na nusu, dereva anapita karibu maduka mawili kwa sekunde moja. Hawezi kusoma kibao, hawezi kuona bei, hawezi hata kujua kama mlango uko wazi. Akipunguza hadi kilomita 25, kila duka linapata zaidi kidogo ya sekunde moja. Mtu anayetembea kwa miguu hulipa kila duka sekunde tano au zaidi, na akisimama kivulini hulipa dakika nzima.

Kwa hiyo mtaa wenye barabara pana na magari ya kasi unawapitishia wenye maduka watu wengi wasioona kitu. Mtaa uliofungwa kabisa, katika mji wa magari, unawapa watu wanaoona lakini wachache mno. Katikati ya hizo mbili ndipo palipo na biashara: magari yapite, yapite polepole, yapate mahali pa kusimama, na anayeshuka akute njia ya miguu pana yenye kivuli.

Hesabu ya maegesho nayo haina huruma. Nafasi moja mbele ya duka linalofunguliwa saa tisa kwa siku, ikitumiwa na kila gari kwa dakika 45, inaleta wateja 12. Nafasi hiyohiyo ikikaliwa na gari la mwenye duka mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni, haileti hata mmoja. Ni ugomvi wa zamani katika mitaa mikuu ya Marekani: wafanyabiashara hulia kwamba hakuna maegesho, kumbe magari yaliyojaa barabarani ni yao na ya wafanyakazi wao.

LANCASTER WAKATA BARABARA

Lancaster Boulevard ilikuwa barabara ya kupitia tu. Mji ulikuwa umetanuka kuelekea barabara kuu ya kwenda Los Angeles, na mwaka 1990 kituo kikubwa cha maduka kilifunguliwa katika mji jirani wa Palmdale. Bonde ambalo zamani lilijulikana kwa majani ya alfalfa lilikuwa sasa linategemea zaidi viwanda vya ndege na watu wanaosafiri kila siku kwenda kazini mbali. Katikati ya mji palikuwa na ukumbi wa sanaa uliofunguliwa mwaka 1991, lakini watu walitoka kwenye onyesho wakaingia kwenye magari na kuondoka.

Mwaka 2008 mji ulipitisha mpango mpya wa eneo la katikati, kisha ukaajiri kampuni ya usanifu ya Moule & Polyzoides ya Pasadena. Kazi ilianza mapema mwaka 2010 na kukamilika Novemba mwaka huohuo, miezi minane hivi, katika vitalu tisa vya mtaa. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 11.5.

Walichofanya kinaelezeka kwa maneno machache. Njia za magari zilipunguzwa hadi moja kila upande. Nafasi iliyopatikana katikati haikugeuzwa ukuta wa maua. Iligeuzwa kitu kama baraza ndefu iliyopandwa miti, ambamo magari huegeshwa kimshazari siku za kawaida, na siku ya sherehe au soko magari huondolewa na meza kupangwa palepale. Jina walilolipa, rambla, limeazimwa kutoka mtaa maarufu wa Barcelona. Njia za miguu zilipanuliwa, na mikahawa ikapata mahali pa kutoa viti nje.

Kipande hicho cha katikati ndicho akili ya kazi yote. Kwa mwenye duka, gari la mteja liko hatua chache kutoka mlangoni. Dereva anayepita anaona miti pande zote na magari yanayorudi nyuma kutoka kwenye maegesho, hivyo mguu wake unaondoka kwenye mafuta bila polisi wala matuta. Mkulima naye anapata uwanja wa soko katikati ya mji usiohitaji kujengwa, maana soko la wakulima hufanyika hapohapo barabarani.

Soko la namna hiyo lina faida ya pande mbili ambayo haionekani haraka. Mkulima wa matunda au mboga huuza kwa bei ya mlaji badala ya bei ya dalali. Wenye maduka nao, ambao mwanzoni huogopa kushindanishwa, hupata mamia ya watu waliokuja na vikapu na fedha mkononi, siku ambayo pengine ingekuwa kavu. Kinachotakiwa ni meza za soko zisiuzibe mlango wa mtu.

Takwimu zilizotolewa miaka miwili hivi baada ya kufunguliwa kwa mtaa zilitaja biashara mpya karibu 50, ajira za kudumu zipatazo 800 na uwekezaji wa watu binafsi wa takriban dola milioni 130. Mwaka 2012 Wakala wa Mazingira wa Serikali ya Marekani uliupa mradi huo tuzo yake kuu ya ukuaji bora wa miji.

Takwimu hizo zisomwe kwa jicho la mfanyabiashara. Zilitolewa na waliokuwa na sababu ya kujisifu. Pia mwaka 2010 uchumi wa Marekani ulikuwa bado unajikongoja kutoka katika msukosuko wa mwaka 2008, kwa hiyo mahali pa kuanzia palikuwa chini. Na barabara haikufanya kazi peke yake. Makazi mapya yalijengwa jirani, na jumba la makumbusho ya sanaa na historia likafunguliwa mtaani hapo mwaka 2012. Barabara iliwapa watu sababu ya kukaa. Vitu vingine viliwapa sababu ya kuja.

NANI ANABAKI

Halmashauri nyingi huanza na vigae na kumalizia na watu. Shirika la Taifa la Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria la Marekani lilijaribu njia ya kinyume mwaka 1977, katika miji mitatu midogo: Galesburg jimboni Illinois, Madison jimboni Indiana na Hot Springs jimboni South Dakota. Kazi hiyo iliongozwa na Mary Means, na mwaka 1980 ikazaa kituo cha kitaifa kinachosaidia mitaa mikuu hadi leo.

Kila mji uliwekewa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa mtaa huo tu. Alizunguka duka kwa duka, akajua nani anadaiwa, nani anataka kustaafu na chumba gani cha juu kimekaa miaka bila mpangaji. Sura ya mtaa ilikuwa moja ya nguzo nne za kazi yake. Nyingine zilikuwa kuwaunganisha wafanyabiashara, kuutangaza mtaa na kuimarisha biashara zenyewe.

Katika sura pia walianza na kilicho rahisi. Miaka ya 1950 na 1960 wenye maduka wengi walikuwa wamefunika matofali ya zamani kwa mabati ya aluminiamu ili wafanane na vituo vya viungani. Kuyabandua mabati hayo, kufungua madirisha yaliyozibwa na kurudisha kibao cha ukubwa wa kadiri kuligharimu kidogo sana kuliko kuchimba barabara nzima.

Kuchimba kuna maumivu yake. Miezi minane ya vumbi ni midogo kwa mji lakini ni mirefu kwa muuza viatu asiye na akiba. Mteja akizoea duka jingine katika kipindi hicho, vigae vipya havimrudishi. Ndiyo maana wafanyabiashara wanaojua haki zao hudai mambo kabla ya kazi kuanza: ichimbwe kwa vipande na si mtaa mzima kwa mpigo, kila mlango ubaki na njia ya kupita, mabomba na nyaya za chini vishughulikiwe mara moja ili barabara isifumuliwe tena mwaka unaofuata, na kazi isiangukie msimu wa mauzo makubwa.

Lililo gumu zaidi ni pango. Mtaa ukipendeza, thamani ya jengo hupanda, na jengo kwa kawaida si la mwenye duka. Mpangaji aliyevumilia miaka ya ukame, kisha miezi ya vumbi, anaweza kupewa mkataba mpya asioumudu mwaka uleule wateja wanaporudi. Mwenye mkataba wa miaka mitano uliosainiwa kabla ya mradi kutangazwa ana kinga. Mwenye makubaliano ya mdomo ya mwezi kwa mwezi hana.

Hilo ndilo lililofanya mjadala wa Fresno uwe mkali. Maduka makubwa yalipoondoka, mtaa wa Fulton haukubaki mtupu kabisa. Wafanyabiashara wadogo, wengi wenye asili ya Meksiko, waliingia kwa pango dogo na kuuza nguo, viatu na bidhaa za nyumbani kwa familia za kipato cha chini, zikiwemo za vibarua wa mashambani. Kwao mtaa uliosemwa umekufa ulikuwa unalisha watoto.

Uongozi wa mji chini ya Meya Ashley Swearengin uliamua kurudisha magari, na mwaka 2013 ukapata karibu dola milioni 16 kutoka serikali kuu. Wapenzi wa kazi ya Eckbo walikwenda mahakamani kuizuia kazi hiyo, wakashindwa. Chemchemi na bustani zikabomolewa, sanamu zikakarabatiwa na kupangwa upya kandokando ya barabara, na Oktoba 2017, baada ya miaka 53, magari yakapita tena Fulton: njia moja kila upande, maegesho pembeni, njia za miguu pana.

Mikahawa na baa zilifunguliwa, na usiku wa mchezo katika uwanja wa besiboli uliojengwa jirani mwaka 2002 mtaa hujaa. Lakini ufufuo haukuwa wa kasi iliyoahidiwa. Janga la korona la mwaka 2020 liliukuta mtaa haujasimama sawasawa, na baadhi ya majengo marefu yaliendelea kukaa matupu miaka kadhaa baada ya barabara kufunguliwa. Orofa za juu zinahitaji lifti, mabomba na kinga ya moto ya kisasa kabla ya mtu kulala humo, na kazi hiyo kwa jengo moja inaweza kumshinda mmiliki asiye na mkopo wa masharti nafuu.

Lancaster nao una mtihani wake. Miti ya jangwani hufa isipomwagiliwa, taa huungua, rangi ya mistari ya maegesho hufutika, na uchafu wa soko lazima uondolewe kabla maduka hayajafunguliwa kesho yake. Kazi hizo hazina siku ya kukata utepe, na hulipiwa kila mwaka. Katika mitaa mikuu mingi ya Marekani wenye majengo na wafanyabiashara hukubaliana kujitoza mchango maalumu wa usafi, ulinzi na matangazo, unaokusanywa na mji lakini unaotumiwa katika mtaa huo peke yake, huku wachangiaji wenyewe wakikaa kwenye bodi inayoidhinisha kila malipo.

Mchango huo hupangwa mara nyingi kwa urefu wa uso wa jengo barabarani. Mwenye mita saba na nusu hulipia mita saba na nusu.